Wodi ya Waliohesabiwa Wafu

Mwaka 1917, katika hospitali ya wachimba makaa ya mawe ya mji wa Königshütte, kijana wa miaka 18 aitwaye Ludwig Guttmann alikuwa akijitolea kama mhudumu wa wagonjwa. Mji huo siku hizo ulikuwa Ujerumani. Leo uko Poland na unaitwa Chorzów. Akaletwa mchimbaji mmoja, kijana mwenye nguvu zake, aliyevunjika mgongo mgodini. Sehemu ya chini ya mwili wake ilikuwa imepooza kabisa.

Guttmann alichukua kalamu ili aandike maelezo ya mgonjwa, kama ilivyokuwa desturi. Akaambiwa asijisumbue, kwa kuwa mtu huyo hatamaliza wiki sita. Mgonjwa akazungushiwa mapazia ili wenzake wasimwone. Zilipopita wiki tano hivi akafa. Mgongo uliovunjika haukumuua. Kilichomuua ni vidonda vilivyooza na mkojo uliojaa usaha, mpaka sumu ikaenea katika damu yote.

Hii ni historia ya namna kifo cha aina hiyo kilivyoanza kushindwa, na ya kijana yule aliyekuja kukishinda bila kuweza kuunganisha hata mshipa mmoja wa fahamu uliokatika. Inatufaa sana sisi wa Afrika Mashariki, ambako kila siku kuna mtu anayeanguka kutoka kwenye mnazi au kurushwa na pikipiki, akaamka asiisikie miguu yake.

Maradhi yaliyokatiwa tamaa

Waganga wa Misri ya kale waliijua hali hii vizuri. Mafunjo yanayoitwa Edwin Smith, yaliyonakiliwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo kutoka katika maandishi ya zamani zaidi, yanamweleza mtu aliyeteguka pingili za shingo: mikono na miguu yake haina habari, na mkojo unamtoka bila yeye kujua. Mganga anaelekezwa kuliweka jeraha hilo katika fungu la maradhi yasiyotibiwa. Zaidi ya miaka 3,000 ikapita na hukumu hiyo ikabaki vile vile. Katika Vita Kuu ya Kwanza, inakadiriwa kuwa kati ya wanajeshi wa Uingereza walioumia uti wa mgongo, wanane katika kila kumi walikufa.

Kukata tamaa huko kulikuwa na sababu. Ndani ya mfereji wa pingili za mgongo umepita ugwe wa mishipa ya fahamu unaopeleka amri kutoka kwenye ubongo na kurudisha habari kutoka mwilini. Ukikatika, hali huwa kama ya nyumba iliyokatwa waya mkuu wa umeme: taa zote ni nzima, lakini hakuna inayowaka. Misuli ya miguu ni mizima, kibofu ni kizima, ngozi ni nzima, ila hakuna amri inayofika. Mshipa wa fahamu wa mkononi au mguuni ukikatika unaweza kuota tena, polepole, kiasi cha milimita moja kwa siku. Ule wa ugwe wa mgongo hauoti hivyo. Hata leo hakuna dawa wala upasuaji wa kuurudisha ugwe uliokatika kabisa ukafanya kazi kama zamani.

Hata hivyo, tazama wagonjwa hao walikuwa wakifa kwa nini. Mtu mzima akilalia upande mmoja kwa muda mrefu, ngozi inayobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu. Huhisi kero akajigeuza, hata akiwa usingizini. Aliyepooza hahisi kitu. Baada ya saa chache ngozi ile huanza kufa, na kidonda huchimba mpaka mfupani. Kibofu nacho, kwa kukosa amri ya kujikamua, hutunza mkojo mpaka unatuama. Vijidudu huzaliana humo, hupanda hadi kwenye figo na kuziharibu. Viungo visivyonyooshwa hukakamaa. Mapafu ya mtu asiyeinuliwa hujaa makohozi. Na katika miaka ile mgonjwa alikuwa akitulizwa kwa morfini, analala akitazama dari, hana la kufanya wala la kungoja isipokuwa mwisho.

Kila moja ya balaa hizo ingeweza kuzuiwa. Ngozi inataka mtu wa kumgeuza mgonjwa, kibofu kinataka mtu wa kukikamua kwa usafi, viungo vinataka mtu wa kuvinyoosha. Kazi hiyo ni ya mchana na usiku, wala haina sifa. Hakuna hospitali itakayomtoa muuguzi wake usiku wa manane akamhudumie mtu ambaye wote wamekwisha kumhesabu maiti. Hukumu ya kifo ndiyo iliyoleta kifo, na kifo kilipofika kikaonekana kuithibitisha hukumu.

Haki ni kusema kwamba Guttmann hakuwa wa kwanza kuukataa mzunguko huo. Mjini Boston, Marekani, daktari Donald Munro alianzisha mwaka 1936 kitengo cha wagonjwa wa uti wa mgongo, na alionyesha kwamba wanaweza kuishi na kurudi makwao. Lakini ni mkimbizi kutoka Ujerumani aliyeligeuza jambo hilo kuwa utaratibu wa dunia nzima.

Usiku wa Breslau

Guttmann alizaliwa tarehe 3 Julai 1899 katika familia ya Kiyahudi kwenye mji mdogo wa Tost. Alisomea udaktari Breslau na Freiburg, akahitimu mwaka 1924, kisha akawa msaidizi wa Otfrid Foerster, mmoja wa mabingwa wakubwa wa mishipa ya fahamu barani Ulaya wakati huo. Mwaka 1933 Wanazi walipotwaa madaraka, madaktari wa Kiyahudi walifukuzwa katika hospitali za umma. Guttmann alihamia Hospitali ya Kiyahudi ya Breslau, na mwaka 1937 akawa mkurugenzi wake.

Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938 masinagogi yalichomwa moto Ujerumani nzima, maduka ya Wayahudi yakavunjwa, na wanaume kwa maelfu wakakamatwa na kupelekwa kwenye kambi za mateso. Guttmann aliwaagiza wafanyakazi wake wampokee yeyote atakayebisha hodi, bila kumuuliza swali. Kulipokucha, maofisa wa Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walikuja kutaka maelezo ya ongezeko hilo la ghafla la wagonjwa. Daktari alizunguka nao kitanda baada ya kitanda, akimtajia kila aliyelala ugonjwa wake. Kati ya watu 64 waliopokelewa usiku ule, 60 waliokolewa wasipelekwe kambini.

Nimeisimulia habari hii kwa sababu inaonyesha alikuwa mtu wa namna gani kabla dunia haijamjua. Alikuwa mtu asiyekubali kuambiwa kwamba fulani ameshakwisha.

Miezi michache baadaye alipata nafasi ya kutoroka. Serikali ya Ujerumani ilimruhusu kusafiri hadi Ureno kumtibu rafiki wa mtawala wa nchi hiyo, António Salazar, na wakati wa kurudi alipitia London. Chama cha Waingereza kilichowasaidia wasomi wakimbizi kilimpangia mahali pa kukaa. Mwezi Machi 1939 aliwasili Oxford pamoja na mkewe Else na watoto wao wawili, Dennis na Eva. Yeye aliyekuwa mkuu wa hospitali akawa mtafiti wa kupewa posho, katika nchi ambayo muda si mrefu ingekuwa vitani na nchi aliyozaliwa.

Kila baada ya saa mbili

Mwaka 1943 majeshi ya Uingereza na Marekani yalikuwa yakijiandaa kuvuka bahari kuingia Ufaransa. Wakuu wa tiba walijua kwamba vijana wengi watarudishwa wakiwa wamevunjika migongo, na hawakutaka kuona tena vifo vya vita iliyotangulia. Walimwomba Guttmann aongoze kituo kipya katika hospitali ya Stoke Mandeville, karibu na mji wa Aylesbury. Wenzake walishangaa kwamba mtafiti wa kiwango chake anakwenda kujifungia na wagonjwa wasio na matumaini. Alikubali kwa sharti moja: atawatibu kwa namna aonavyo yeye, bila kuingiliwa.

Kituo kilifunguliwa tarehe 1 Februari 1944 kikiwa na vitanda 26, katika mabanda ya hospitali iliyojengwa haraka kwa ajili ya majeruhi wa vita. Wagonjwa waliokuja kutoka hospitali nyingine walifika wamefungwa plasta ngumu kifua na kiuno, na chini ya plasta nyama ilikuwa inaoza. Harufu ilijaza chumba. Wauguzi walikuwa wachache, wakisaidiwa na wahudumu wa jeshi ambao wengi hawakuwahi kusomea uuguzi.

Guttmann aliondoa plasta. Akaagiza kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, kila siku, bila kuruka zamu. Godoro lilipangwa kwa mito ili mifupa iliyojitokeza isibanwe. Usiku yeye mwenyewe alikuwa akitokea wodini bila taarifa, akihakikisha kwamba saa ya kugeuza haijapitwa. Mpira wa mkojo haukuachwa ndani ya kibofu wiki hadi wiki. Uliingizwa kwa usafi kama wa chumba cha upasuaji, kibofu kikakamuliwa, ukatolewa, na mwanzoni kazi hiyo aliiacha mikononi mwa madaktari tu. Dawa za kulevya akili alizipunguza, kwani alitaka mgonjwa awe macho, ajue kinachofanywa na ashiriki. Penisilini, iliyokuwa ndiyo kwanza inaingia katika hospitali za jeshi, ilisaidia kupambana na vijidudu. Lakini penisilini haimgeuzi mtu kitandani.

Huku akitibu, alichunguza. Mwaka 1947 yeye na mwenzake David Whitteridge walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kwa mtu aliyeumia sehemu ya juu ya mgongo, kujaa kwa kibofu peke yake kunaweza kupandisha shinikizo la damu kwa ghafla na kwa kiasi cha kutisha. Hadi leo kila muuguzi anayehudumia wagonjwa hawa hufundishwa kuitambua hatari hiyo: kichwa kinapogonga na jasho linapotoka usoni, kwanza chunguza kibofu.

Wafanyakazi wake hawakumwona kama malaika. Alikuwa mkali, alifoka, alidai. Wagonjwa wengine walimchukia kabla ya kumpenda, na mwishowe wakampa jina la utani, Poppa, yaani Baba. Ukali ule ulikuwa na maana ambayo maneno ya huruma yasingeweza kuifikisha. Mtu anayefokewa kwa kutofanya mazoezi yake ameambiwa, kwa njia hiyo hiyo, kwamba yuko hai na kuna jambo linatarajiwa kutoka kwake.

Kutibu kilichobaki

Mara vidonda vilipoanza kufunga na homa kushuka, lilizuka swali ambalo tiba ya zamani haikuwahi kulifikia. Mtu huyu ataishi. Ataishi kwa ajili ya nini?

Guttmann aliona kwamba akili iliyokata tamaa huuangusha mwili. Asiyejali hageuzwi bila kugombana, hanywi maji ya kutosha, haoni sababu ya kuijenga mikono yake. Basi aliijaza siku. Asubuhi ilikuwa ya mazoezi ya viungo. Baadaye ilifuata karakana, ambako wagonjwa walijifunza useremala, kutengeneza saa na kupiga taipu. Wengi walikuwa vijana wadogo waliokwenda vitani kabla ya kujifunza kazi yoyote. Alisema wazi kwamba lengo lake ni kuwafanya warudi kuwa walipa kodi. Alipenda kukisimulia kisa cha mgonjwa mmoja aliyelalamika kwamba katika hospitali hii mtu hapati hata nafasi ya kuumwa.

Michezo ilianza karibu kwa bahati. Aliwakuta wagonjwa uani wakiwa kwenye viti vya magurudumu, wameshika fimbo za kutembelea kichwachini, wakipigania kidude cha duara chini. Yeye na mwalimu wa mazoezi wa jeshi waliketi kwenye viti wakajaribu wenyewe, na wakatambua jinsi mchezo ule ulivyo mgumu na mtamu. Ukawa polo ya viti vya magurudumu. Baadaye iliachwa kwa kuwa iliumiza, nafasi yake ikachukuliwa na netiboli na kisha mpira wa kikapu.

Kurusha mishale kulipewa nafasi ya pekee, na sababu yake ni ya kitabibu. Uko msuli mpana unaotoka mkononi, ukashuka ubavuni hadi kwenye nyonga. Amri zake hutoka shingoni, juu ya mahali ambapo migongo mingi huvunjika, kwa hiyo aliyepooza miguu bado anaweza kuutumia kujishikilia asianguke anapoketi. Kuvuta upinde huujenga msuli huo. Zaidi ya hapo, mbele ya shabaha aliyeketi na aliyesimama ni sawa. Mtu aliyepooza anaweza kumshinda mzima, na wote wawili wakaliona hilo.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile ambayo mfalme wa Uingereza alifungua Michezo ya Olimpiki jijini London, kwenye nyasi za Stoke Mandeville walikusanyika wanajeshi wa zamani 16, wanaume 14 na wanawake wawili, wote wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Walishindana kurusha mishale, timu ya hospitali dhidi ya timu ya Star and Garter, nyumba ya wanajeshi wenye ulemavu iliyokuwa Richmond. Watazamaji walikuwa wachache. Guttmann alianza kusema hadharani kwamba itafika siku ambapo michezo hii itakuwa na hadhi ya Olimpiki. Mwaka 1952 timu ya Uholanzi ilivuka bahari ikaja kushiriki, na mashindano yakawa ya kimataifa.

Mwalimu kutoka Nyasaland

Mwaka 1959 mwalimu Mwingereza aitwaye Margaret Maughan alipata ajali ya gari huko Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Aliumia uti wa mgongo, miguu ikapooza. Alisafirishwa hadi Stoke Mandeville, na kama wengine wote, akapewa upinde.

Mwaka uliofuata, Septemba 1960, michezo ya Stoke Mandeville ilifanyika nje ya Uingereza kwa mara ya kwanza, katika jiji la Roma, siku chache baada ya Olimpiki. Barabara za jiji hilo zilikuwa zimetoka kumshuhudia Abebe Bikila wa Ethiopia akishinda marathoni bila viatu. Walifika wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23. Nyumba walizopangiwa zilikuwa zimeinuliwa juu ya nguzo na zina ngazi, ikabidi askari wa Italia wawabebe kuwapandisha na kuwashusha. Tunaikumbuka leo kama Michezo ya Paralimpiki ya kwanza.

Maughan alirusha mishale yake, kisha akapandishwa kwenye basi ili arudi, asijue matokeo. Watu walianza kumtafuta: alikuwa ameshinda. Ikabidi ashushwe tena kutoka kwenye basi apelekwe kupokea nishani ya dhahabu, ya kwanza ya Uingereza katika Paralimpiki. Miaka 52 baadaye, London ilipoandaa michezo hiyo mwaka 2012, mbio za mwali zilianzia Stoke Mandeville, na Margaret Maughan ndiye aliyeuwasha moto mkuu uwanjani.

Guttmann hakuiona siku hiyo. Alipewa hadhi ya Sir mwaka 1966, akaendelea kuihangaikia michezo hiyo hata baada ya kustaafu, akafariki tarehe 18 Machi 1980 akiwa na umri wa miaka 80. Mwaka 1972 alikuwa amerudi Ujerumani, nchi iliyomfukuza, kuiongoza michezo yake katika mji wa Heidelberg.

Mwali unafika kwetu

Ni katika michezo hiyo ya Heidelberg ambako Kenya na Uganda zilipeleka wanamichezo wao kwa mara ya kwanza. Tanzania iliingia mwaka 1992, Barcelona. Kufikia hapo milango ilikuwa imepanuka: tangu michezo ya Toronto ya mwaka 1976, wasioona na waliokatwa viungo nao walishindana. Kilichoanzia kwenye vitanda vya waliovunjika migongo kikawa mali ya kila aliyepatwa.

Henry Wanyoike wa Kikuyu, Kenya, alikuwa kijana mkimbiaji. Usiku mmoja wa mwaka 1995 alipatwa na kiharusi akiwa amelala, na akaamka asubuhi bila kuona. Alipita katika giza la moyo lililozidi lile la macho. Wahenga walisema hujafa hujaumbika, na usemi huo mara nyingi tunautamka kwa kumwonea huruma mtu. Wanyoike aliufanya kuwa mwanzo wa kazi. Alijifunza upya kuishi, akajifunza upya kukimbia, safari hii akiwa amefungwa kamba mkononi pamoja na kiongozi wake. Katika Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, kwenye mbio za mita 5,000, kiongozi aliyekuwa akiugua malaria aliishiwa nguvu wakiwa wanaongoza. Wanyoike akamvuta mpaka kwenye mstari, akatwaa dhahabu. Mwaka 2004 huko Athens alishinda mita 5,000 na mita 10,000.

Katika michezo hiyo ya Athens alikuwepo pia Anne Wafula Strike, aliyezaliwa Bungoma, Kenya, akaugua polio akiwa na miaka miwili na nusu. Alikuwa mtu wa kwanza kutoka Afrika Mashariki kushindana katika mbio za viti vya magurudumu za Paralimpiki.

Na mwaka 2012, ule moto wa Maughan ulipokuwa ukiwaka London, uwanjani iliingia timu ya wanaume ya Rwanda ya mpira wa wavu wa kukaa, timu ya kwanza ya mchezo huo kutoka kusini mwa Sahara kufika Paralimpiki. Ndani yake walikuwamo Dominique Bizimana na Jean Rukondo. Katika vita vya Rwanda, Bizimana alipigania waasi wa RPF, Rukondo akapigania jeshi la serikali ya wakati huo. Kila mmoja alipoteza mguu. Baadaye walikutana, wakawa miongoni mwa waasisi wa kamati ya Paralimpiki ya nchi yao, wakacheza timu moja, wakipasiana mpira. Miguu yao haikurudi. Uadui ndio uliopona.

Tunachodaiwa

Historia hii inatufundisha kwamba kupona kuna sura nyingi kuliko ile moja tunayoiombea. Tunapomtembelea aliyevunjika mgongo, swali letu ni moja: lini atatembea? Likikosa jibu, tunaona hakuna kilichobaki, na bila kusema tunaanza kumzungushia mapazia. Hakuna hata mmoja wa wagonjwa wa Guttmann aliyetembea kwa sababu ya kurusha mishale. Walipona kwa maana kwamba waliacha kufa, walirudi nyumbani, walioa na kuolewa, walifanya kazi, walishindana na kushindwa na kushinda.

Lakini tusijidanganye kwamba vita hii imekwisha. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2013 kwamba mtu mwenye jeraha la uti wa mgongo yuko katika hatari ya kufa mapema mara mbili hadi tano kuliko wengine, na hali ni mbaya zaidi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanachofia wengi wao ni kile kile cha mwaka 1917: vidonda na mkojo. Hayo ni magonjwa ambayo dawa yake kubwa imejulikana kwa zaidi ya miaka 80, na haihitaji mashine ya mabilioni.

Sheria tunazo. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge la Tanzania likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Sheria haimgeuzi mtu kitandani, kama penisilini isivyomgeuza. Kinachotakiwa ni wauguzi wa kutosha katika wodi za majeruhi, zamu zisizorukwa, mipira ya mkojo iliyo safi, viti vya magurudumu vinavyohimili barabara zetu, na njia za mteremko mbele ya shule, ofisi na nyumba za ibada.

Na yako yanayotuhusu sisi ndugu na majirani. Aliyeanguka au kugongwa asinyakuliwe kwa mikono na miguu na kutupwa nyuma ya gari. Ashikiliwe kichwa, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka, kwani ugwe ulionusurika kwenye ajali unaweza kukatika wakati wa kumbeba. Akirudi nyumbani, familia ipange zamu ya kumgeuza kila baada ya saa mbili na kukagua ngozi yake kila siku. Akipata nguvu ya mikono, apewe kazi na wajibu, aulizwe ushauri, atumwe, alaumiwe akikosea. Na daktari, jamaa au jirani yeyote asithubutu kutamka, mgonjwa akisikia au asisikie, kwamba huyu basi tena.